Kongwa, Shule ya Kusubiri

Msomaji wa Marx wa kwanza kuacha alama yake Kongwa hakuwahi kushika bunduki ya ukombozi. Alikuwa waziri wa chakula wa Uingereza. John Strachey alijipatia jina mwaka 1932 kwa kitabu kilichoeleza kwa nini ubepari hauna budi kuanguka. Mwaka 1936, yeye, mchapishaji Victor Gollancz na Profesa Harold Laski wakaanzisha klabu ya vitabu vya mrengo wa kushoto iliyompelekea kila mwanachama kitabu kimoja kwa mwezi. Wanachama walizidi 50,000, nao wakajigawa katika vikundi vya kusoma zaidi ya 1,000, watu wachache wachache wanaokutana jioni na kitabu kimoja mezani. Ukiutafutia mababu ule mtindo ambao sisi baadaye tuliuita darasa la itikadi, mzee mmojawapo ni huyo. Miaka kumi baadaye, Strachey akiwa amekwisha kuachana na wakomunisti, ndiye aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya mradi wa karanga.

Mradi wenyewe anaujua kila Mtanzania aliyesoma historia shuleni. Uingereza ilitoka vitani ikiwa na njaa ya mafuta ya kula, ikapanga kufyeka ekari zaidi ya milioni 3 za pori, nyingi zikiwa Tanganyika, ili ipande karanga. Kazi ilianzia Kongwa, katika nyanda za kati, mwaka 1947. Vifaru vilivyobaki vitani viligeuzwa matrekta, makatapila yakaingia porini, mizizi ya miti ya nyanda za kati ikavunja meno ya mashine, na udongo mwekundu uliolainika masika ukawa tofali wakati wa kiangazi. Mgogo yeyote aliyewahi kulima uwele pale angewaambia kwamba mvua ya Kongwa haiwekewi ahadi. Hakuna aliyemuuliza. Januari 1951 mradi ukaachwa, na paundi milioni 36 hivi zikafutwa vitabuni.

Kuna jambo moja la mwaka ule wa 1947 ambalo hadithi za vifaru na makatapila hulifunika. Mgomo ulioanzia kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ulipanda na reli hadi bara, na vibarua wa karanga nao wakaweka zana chini. Hao hawakuwa wamesomewa kitabu chochote cha Strachey. Walihesabu ujira wao, wakahesabu bei ya unga, wakaona hesabu haifungi.

Karanga zilipoondoka yalibaki majengo, barabara, ranchi ya ng'ombe na tuta la reli ya tawi iliyokuwa ikitoka Msagali. Miaka kumi na mitatu baadaye mabaki hayo yakapata wapangaji wapya.

Mei 1963 nchi huru za Afrika zilikutana Addis Ababa, zikaunda Kamati ya Ukombozi na kuyaweka makao yake Dar es Salaam. Januari 1964 jeshi la Tanganyika likaasi. Serikali iliyotoka kuponea chupuchupu mikononi mwa askari wake yenyewe haikuwa na hamu ya kuwaweka vijana wa kigeni waliofundishwa vita karibu na Ikulu. Kongwa ilikuwa mbali na pwani, ilikuwa na majengo yasiyo na mwenyewe, na kituo cha reli ya kati hakikuwa mbali. Mwaka huohuo kambi ikafunguliwa. FRELIMO ya Msumbiji ilikuwa miongoni mwa waliotangulia. Wakaja ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia, kisha MPLA ya Angola na ZAPU ya Rhodesia. Kila chama kilikuwa na eneo lake, bendera yake na chakula chake. Maofisa wa Tanzania waliwasimamia wote.

Je, Kongwa ni taasisi ya kuandikiwa historia kama chuo? Haikuwa na mkuu wa chuo wala haikutoa cheti. Lakini ukiifuatilia orodha ya waliopita pale utaona kwamba vyuo vingi vyenye majoho vingeionea wivu. Samora Machel, muuguzi aliyekuwa ametoka mafunzoni Algeria, aliongoza kambi ya FRELIMO akiwa na umri wa miaka 30 na kidogo. Mwaka 1975 akawa rais wa kwanza wa Msumbiji. Chris Hani alifika akiwa na miaka 22. Alikuwa amesoma Kilatini na fasihi ya Kiingereza chuo kikuu, kisha vita katika Umoja wa Kisovieti. Archie Sibeko, mtu wa vyama vya wafanyakazi kutoka Cape, aliwahi kuwa mkuu wa kambi ya ANC. Kutoka kambi ya SWAPO alitoka John Otto Nankudhu na kundi lake, wale waliopigana Omugulugwombashe tarehe 26 Agosti 1966, siku ambayo Namibia leo huiadhimisha kama Siku ya Mashujaa.

Kilichoifanya kambi hiyo kuwa shule ni kusubiri. Walioletwa pale walidhani wanapita tu. Tazama ramani ya wakati ule. FRELIMO ilikuwa na mpaka: Mto Ruvuma uko hapo, na Septemba 25, 1964 vita vyao vilianza. Hawakukaa sana Kongwa. Kambi yao kubwa ikahamia Nachingwea. Lakini kijana wa Afrika Kusini alikuwa na Zambia mbele yake, kisha Rhodesia ya walowezi waliojitangazia uhuru wao Novemba 1965, kisha ndipo afike nyumbani. Kati yake na mama yake kulikuwa na Zambezi na majeshi mawili. Alisubiri mwaka 1964, akasubiri 1965, akasubiri 1966. Upepo wa Kongwa unavuma, vumbi linaingia kwenye ugali, barua haziji. Mtu mwenye bunduki na muda mwingi ni hatari kwa jirani na kwa mwenzake, na viongozi walilijua hilo.

Kwa hiyo siku ilijazwa. Mbio za alfajiri, gwaride, bustani ya mboga, ulinzi, kuimba. Na darasa. Walioweza kusoma waliwafundisha wasioweza, kwa maana si kila aliyevuka mipaka alikuwa ametoka chuo kikuu. Wengi walikuwa vibarua, wachimba madini, wachungaji. Redio ilisikilizwa na habari zake zikachambuliwa. Kisha likaja somo ambalo katika ratiba liliitwa siasa tu, na ndani ya neno hilo kulikuwa na Marx, Lenin, historia ya nyumbani na maswali ya jana ambayo hayakujibiwa.

Kila kundi lilikuwa limerudi na Marx wake. Vijana wa ANC waliopelekwa Odessa mwaka 1963 na 1964 walifundishwa silaha asubuhi na siasa baadaye, na Marx wa Odessa alikuwa mtu wa mpangilio: hatua baada ya hatua, tabaka la wafanyakazi mbele, chama kikiongoza. Waliopitia China walikuja na mwingine, anayeanzia kijijini kwa mkulima na kuzingira mji. Waliotoka Algeria walikuwa wameona wenyewe nchi iliyoshinda vita juzi tu. Moscow na Beijing zilipotukanana katika magazeti ya dunia, matusi hayo yalifika hadi nyanda za Wagogo, na vijana wa chama kimoja wakaketi katika boma moja wakibishana kama mapinduzi yataanzia mgodini au shambani. Mimi huona ubishi huo kuwa ndio uliokuwa darasa lenyewe. Mhadhara humpa mtu maneno. Ubishi humlazimisha ayatumie, tena mbele ya mwenzake ambaye kesho watalinda zamu moja.

Aliyebeba mzigo wa kufundisha aliitwa kamisaa wa siasa. Cheo hicho kilitoka kwa Warusi, lakini kazi yake kambini ilifanana zaidi na ya kungwi: kumwandaa mtu kwa jambo ambalo litamkuta akiwa peke yake. Katika ANC mkufunzi mkuu wa siasa wa askari wapya alikuwa Moses Mabhida, mtu wa vyama vya wafanyakazi kutoka Natal ambaye baadaye alikuja kuwa katibu mkuu wa Chama cha Kikomunisti cha Afrika Kusini. Mtu wa aina hiyo hakuwa na haja ya kuanza na ukurasa wa kwanza wa kitabu kikubwa cha Marx. Aliwajua makuli, alizijua bohari, alijua mshahara unavyoliwa na nauli kabla haujafika nyumbani.

Hapa inafaa kukaa kidogo kwenye maneno, maana upande wetu wa darasa, ule wa Kiswahili, ulijengwa kwa maneno kabla haujajengwa kwa vitabu. Vijana wa Kimakonde ndani ya FRELIMO walikuwa na Kiswahili chao tangu nyumbani. Wengine walikiokota sokoni. Mashirika ya uchapishaji ya Moscow na Beijing yalichapa vijitabu kwa Kiswahili na kuvimwaga Afrika Mashariki. Lakini msamiati ulikuwa wetu. Bepari ni neno la Kihindi la mfanyabiashara, lililoingia pwani na majahazi, likakaa dukani karne nyingi bila ubaya wowote, hadi siasa ilipolivika kofia ya mnyonyaji. Kabaila alikuwa mtu wa ukoo bora, mwungwana; akageuzwa mwenye ardhi anayekula jasho la wengine. Beberu ni mbuzi dume, na hapa Mgogo mfugaji alikuwa na faida kuliko mwanafunzi wa Dar es Salaam: alijua kwa macho na pua jinsi beberu anavyoingia zizini na kujifanya mwenye zizi. Kupe alikuwa hana haja ya kufafanuliwa kwa mtu yeyote mwenye ng'ombe. Na mnyonyaji, neno lililobeba uzito wote, linatoka kwenye kunyonya, kitendo cha kwanza ambacho kila binadamu amefanya.

Gumu kuliko yote lilikuwa tabaka. Katika Kiswahili cha kawaida tabaka ni safu: tabaka la udongo, tabaka la ghorofa. Ukimwambia mtu kwamba jamii ina matabaka anaona vitu vimepangwa kimoja juu ya kingine, vimetulia. Marx alikuwa anazungumzia kitu kingine, uhusiano wa mvutano, ambamo mmoja ana nyenzo za kazi na mwingine ana mikono yake tu. Waalimu wa itikadi walilazimika kuutikisa udongo huo ulale vingine. Ndiyo sababu mara nyingi walirudi kwenye hesabu. Mpakuaji magunia analipwa kwa siku. Tuseme thamani ya kazi yake ya asubuhi hadi saa nne imekwisha kutosha kulipa ujira wake, yaani unga, chumvi, pango na nguo ya mtoto. Lakini haendi nyumbani saa nne. Anapakua hadi jioni. Kile kinachozaliwa kati ya saa nne na jioni kinakwenda kwa nani? Kinaitwa thamani ya ziada, na ukishakielewa huhitaji tena kuambiwa kwamba tajiri ni mtu mbaya. Anaweza kuwa mtu mwema sana, anayeswali na kutoa sadaka, na ziada ikaendelea kwenda kwake. Vibarua wa karanga wa mwaka 1947 walikuwa wamelifikia jibu hilo wakitokea upande wa pili.

Mwanafunzi aliyefundishwa kuuliza ziada inakwenda kwa nani hawezi kuzuiwa asiulize ndani ya kambi yake. Nani anakula nini? Nani anasafiri kwa ndege kwenda mikutanoni, na nani anasubiri Kongwa? Mwaka 1968 kundi la vijana wa SWAPO waliokuwa wamefundishwa China waliwakosoa viongozi wao waziwazi. Waliishia mahabusu ya Tanzania.

Katika ANC swali lilipasuka kwa njia nyingine. Agosti 1967 kikosi cha Luthuli, ambacho Hani alikuwa kamisaa wake, kilivuka Zambezi pamoja na wapiganaji wa ZAPU, kikapigana Wankie, huko Rhodesia. Walionusurika wengine walikimbilia Botswana na kufungwa huko. Hani aliporudi Zambia alikuta hakuna hata aliyewaita kuwauliza yaliyowapata. Mwanzoni mwa 1969 yeye na wenzake sita waliandika waraka wa kuwashutumu viongozi: kwamba wamekuwa watu wa ofisi, wanaishi mbali na askari, wana biashara na starehe, na wamesahau nyumbani. Ukiusoma waraka huo kwa jicho la darasa utaona hesabu ileile ya magunia. Waliitwa mbele ya baraza la nidhamu, wakasimamishwa uanachama. Walikuwepo waliotaka wauawe. Lakini waraka ulikwisha kufanya kazi yake. Aprili 25, 1969 mkutano mkubwa wa ANC ulifunguliwa Morogoro, ukaendelea hadi Mei Mosi. Ulipitisha hati ya mkakati na mbinu, ukaunda baraza la mapinduzi ambamo Joe Slovo na Yusuf Dadoo, wakomunisti wasio Waafrika weusi, walipata viti, na Hani na wenzake wakarejeshewa heshima yao. Desemba 1991 Hani alichaguliwa katibu mkuu wa chama cha kikomunisti cha nchi yake. Aprili 10, 1993 aliuawa kwa risasi mbele ya nyumba yake.

Wakati hayo yakitokea, darasa jingine lilikuwa likiendeshwa Dar es Salaam, huko chuo kikuu cha Mlimani, na haliwezi kuachwa nje ya historia hii kwa kuwa lilitazama Kongwa na Nachingwea kama mwanafunzi anavyomtazama kaka aliyekwisha kuingia jandoni. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo waliandamana kupinga kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Novemba mwaka huo kikundi kidogo kikaunda umoja wa wanafunzi wanamapinduzi uliojulikana kwa kifupi chake, USARF, mwenyekiti akiwa kijana wa Ankole aliyeitwa Yoweri Museveni. Walikuwemo Watanzania, Waganda, Wakenya, Wamalawi, Wasudani; John Garang alikuwa mmoja wao. Walikutana Jumapili asubuhi, saa ambayo wenzao walikuwa kanisani au wamelala, wakasoma Fanon, Lenin, Nkrumah, Baran na Sweezy. Walter Rodney kutoka Guyana, mhadhiri aliyewazidi umri kwa miaka michache tu, alikaa nao akibishana kama mmoja wao. Mwaka 1968 Museveni na wenzake sita walivuka Ruvuma kwenda kuona maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO, na alichokiona akakiandika kupima maneno ya Fanon juu ya matumizi ya nguvu.

Kisa chao ninachokipenda ni cha Novemba 1968. Ilikuwepo desturi ya kuiga vyuo vya Uingereza: siku moja kwa mwaka wanafunzi huvaa matambara, hupanda malori na kuzunguka mjini wakichangisha fedha za maskini. USARF waliona ni dhihaka, msomi kujifanya fukara kwa saa chache katika mji wa mafukara wa kweli. Walipokosa kuwashawishi wenzao kwa maneno, waliyatoa upepo matairi ya malori. Siku ya matambara haikusherehekewa tena. Nadharia, unaweza kusema, ilikutana na vali ya tairi.

Novemba 1969 walianza kutoa jarida lao, Cheche, lililochapwa kwa stensili na kurudufiwa kwa mkono. Wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, huyu wa mwisho ndiye aliyekuja kuwa waziri wa fedha. Jina lilifuata gazeti la Lenin la mwaka 1900 na jarida la Nkrumah. Mwaka 1970 toleo maalumu lilibeba andiko refu la Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yanayoendelea kimyakimya ndani ya Tanzania yenyewe. Shivji alizaliwa Kilosa, mji wa reli ulio bondeni, chini kidogo tu ya uwanda wa Kongwa. Swali lake lilikuwa lilelile: baada ya mabenki na viwanda kutaifishwa, ziada inakwenda kwa nani? Novemba 1970 USARF ilipigwa marufuku na Cheche nayo. Sababu iliyotolewa ni kwamba Tanzania inajenga ujamaa wake na haihitaji itikadi ya kuazima.

Hapo ndipo ukinzani wa nchi yetu unapoonekana vizuri. Mwalimu alikuwa ameandika tangu 1962 kwamba ujamaa wa Kiafrika unaanzia kwenye undugu wa familia, hauanzii kwenye vita vya matabaka. Kwa msimamo huo alimpa mgeni wa Kongwa ardhi, majengo na ulinzi asome Lenin kwa utulivu, kwa sababu vita vya matabaka vya mgeni vilikuwa vya kwao. Mtoto wa nyumbani aliposoma kitabu kilekile na kukigeuzia ofisi za serikali, akaambiwa akifunge. Desemba 1969 Rodney naye alipohutubia semina ya vijana kwa lugha ya moto, gazeti la chama lilimjibu kwa tahariri ya kumwagia maji. Lakini hakufukuzwa. Alibaki Mlimani hadi 1974, na kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kikachapishwa Dar es Salaam na London mwaka 1972. Wakoloni wangemfunga, na serikali nyingi jirani za wakati ule zingemfanya vibaya zaidi. Tulikuwa na udhibiti wenye adabu zake.

Kongwa nayo haikuachwa. Mwaka 1969 serikali ya Tanzania iliitaka ANC iwaondoe wapiganaji wake, wakati ambapo nchi ilikuwa na wasiwasi juu ya njama za kuipindua, na wengi wao wakapelekwa kwa ndege Umoja wa Kisovieti, mwanzoni mwa duru nyingine ya kusubiri. SWAPO waliendelea kukaa kwa miaka kadhaa. Makaburi yalibaki. Walibaki pia watoto waliozaliwa na mama za Kigogo na Kikaguru kwa baba waliokwenda kusini wasirudi, jambo ambalo hotuba za ukombozi huwa hazina aya yake.

Kisha dola yenyewe ikahamia nyanda za kati. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Februari 5, 1977 TANU na ASP zikaungana kuwa CCM, na Dodoma ikawa makao makuu ya chama. Chama tawala kilikuwa na chuo chake, Kivukoni, kilichoanza mwaka 1961 kwa mfano wa chuo cha wafanyakazi cha Ruskin kule Oxford, na baadaye kikafanywa chuo cha itikadi. Sasa vikaja vyuo vya kanda, na cha Dodoma kikawekwa Hombolo, karibu na bwawa, katika nchi ya mizabibu. Makatibu wa kata, vijana wa umoja wa vijana, maofisa na mameneja wa mashirika ya umma walipelekwa kusoma ubepari, ubeberu, ujenzi wa ujamaa. Kwa idadi ya watu, Hombolo ilifundisha msamiati wa Marx kwa Watanzania wengi zaidi kuliko Kongwa na USARF zilivyowahi kuota. Madaftari yalijaa. Lakini aliyepita pale alikuwa amepelekwa na mwajiri, analipwa posho, na mwisho wa kozi anarudi kwenye cheo au anapanda kingine. Ziada inakwenda kwa nani? Jibu lilikuwepo daftarini, na la mtihani lilikuwa lazima lifanane nalo. Sisemi kwamba waalimu wake hawakuwa hodari. Nasema mwanafunzi wa Kongwa aliuliza kwa sababu alikuwa hajui kama atarudi nyumbani hai, na wa Hombolo alijua basi linaondoka saa ngapi.

Lilipokuja Azimio la Zanzibar mwaka 1991 na kulegeza masharti ya uongozi, na mwaka uliofuata vyama vingi, hakuna aliyesimama kutetea mtaala. Mwaka 1994 Hombolo ikaanza maisha mengine kama chuo cha serikali za mitaa. Sasa vijana wanasoma bajeti za halmashauri, sheria ndogo, ukusanyaji wa mapato, mambo ambayo kwa kweli yana ziada kubwa zaidi ndani yake kuliko yanavyokiri. Ukumbi wa Chimwaga, ambamo CCM ilifanyia mikutano yake mikuu, mwaka 2007 uliingia katika Chuo Kikuu cha Dodoma, chuo kikubwa kilichojengwa vilimani kwa haraka ya kushangaza. Humo, kama katika kila chuo, wako wanafunzi wanaokopeshana Rodney kwa simu na kukaa nje ya hosteli jioni wakimbishia.

Anayetoka Morogoro, akishaipita Kibaigwa na malori yake ya mahindi, anakata kushoto Mbande kwenda Kongwa. Mibuyu ambayo makatapila hayakuiweza ipo. Ng'ombe wa ranchi wapo. Na karanga zipo pia, zimelimwa kwa jembe la mkono katika vishamba vya familia, ekari moja hapa, nusu pale, palipolainika na wakati mvua imekubali, na akina mama wanazipima kwa kikombe stendi.